Esther Howland: binti wa muuza vitabu aliyetoa kazi kwa wamama kupitia kadi za mapendo

Kila mwaka, siku chache mbele ya tarehe 14 mwezi wa pili, kwenye maduka ya Goma, Bukavu ama Bunia kunatoka kadi zenye picha ya moyo, maua na maneno matamu. Vijana wananunua, wengine wanajitengenezea wenyewe na makasi, kole na karatasi ya rangi. Wachache tu wanajua kama kule Marekani, zaidi ya miaka 170 iliyopita, kuna binti mmoja aliyekamata ile kazi ndogo ya mikono na kuifanya biashara kubwa, na wafanyakazi wake walikuwa wanawake. Jina lake ni Esther Howland. Habari ya maisha yake ni hii.

Nyumba ya vitabu na makaratasi

Esther Allen Howland alizaliwa tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 1828 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Worcester iko karibu kilomita 65 upande wa magharibi wa Boston, na kwa ile wakati ulikuwa mji wa viwanda unaopanda haraka.

Papa yake, Southworth Howland, alikuwa na duka la vitabu, karatasi na vitu vya kuandikia. Mama yake, ambaye naye aliitwa Esther, hakuwa mama wa kukaa nyuma. Katikati ya miaka ya 1840 alitoa kitabu juu ya mapishi na namna ya kuongoza nyumba bila kupoteza franka ovyo, na watu wengi walikinunua. Kwa hiyo yule mtoto alikomaa kati ya harufu ya wino na karatasi, na aliona kwa macho yake kwamba mwanamke anaweza kutoa kitu chenye kuuzwa.

Alitumwa kusoma Mount Holyoke, shule ya wabinti kule South Hadley, iliyofunguliwa mwaka 1837 na mwalimu Mary Lyon. Ilikuwa shule ya nidhamu kali. Kazi za nyumba hazikufanywa na watumishi, zilifanywa na wanafunzi wenyewe, wamegawanywa kwa makundi: hawa wanapika, hawa wanaosha vyombo, hawa wanafagia. Esther alimaliza masomo mwaka 1847, akarudi kwa wazazi.

Kadi moja kutoka Uingereza

Mwaka uleule, akiwa na miaka 19, Esther alipata kadi ya Valentine kutoka kwa mtu aliyekuwa anafanya biashara na papa yake. Ilikuwa imetengenezwa Uingereza, na pembeni yake ilipambwa na karatasi yenye matundu madogo madogo, mfano wa danteli.

Hii karatasi ya danteli ilikuwa na siri yake. Fundi alikuwa analaza karatasi juu ya chuma kilichochongwa maua, anaigonga ama kuikandamiza mpaka maua yanatokea juu. Kiisha anakwangua zile sehemu zilizoinuka, na matundu yanafunguka moja moja. Leo mtu anaweza kutoboa karatasi na kamashini kadogo ka mkononi, lakini kwa ile wakati ujuzi huo ulikuwa Uingereza, na Wamarekani walikuwa wanaagiza kutoka ng'ambo. Kadi zenyewe zilifika kwa meli, na bei yake haikuwa ya mtu wa chini.

Esther aliigeuza ile kadi, akaiangalia mbele na nyuma. Wengine wangeiweka tu ndani ya kitabu. Yeye aliona kama kitu hiki kinaweza kufanywa pale pale Worcester, na hata kizuri kushinda kile cha Waingereza. Alimuomba papa yake aagize karatasi za danteli, karatasi za rangi na picha ndogo za maua. Vitu vilipofika, alikaa mezani na kutengeneza kadi za mfano, dazani moja.

Dola 200 alizotumaini, dola 5000 zilizokuja

Ndugu yake mmoja alikuwa anazunguka miji mingine kuuza vitu vya duka la papa yao. Esther alimuomba abebe zile kadi za mfano ndani ya mizigo yake, awaonyeshe wenye maduka. Matumaini ya Esther hayakuwa makubwa: akipata komande ya dola 200, atashukuru.

Ndugu yake aliporudi, alikuwa na komande za dola zaidi ya 5000. Ili kuelewa uzito wake, ni lazima kujua kwamba karibu na mwaka 1850 mfanyakazi wa kawaida kule Marekani alikuwa anapata kama dola moja kwa siku. Binti wa miaka kidogo tu kushinda 19 alikuwa amepata komande ambazo mtu mmoja hawezi kuzimaliza, hata asipolala usiku.

Hapa ndipo palikuwa na hatari. Akikataa, jina la duka la papa linaharibika. Akikubali na kadi zikachelewa, tarehe 14 mwezi wa pili haingoji mtu, na kadi ya Valentine inayofika tarehe 15 haina maana tena. Esther alikubali. Aliwaita marafiki wake wabinti, akawaweka kwenye orofa ya tatu ya nyumba ya wazazi, na kuwapanga kwenye meza moja ndefu.

Kila mmoja na kazi yake

Namna alivyopanga ile meza ndiyo iliyoleta tofauti. Hakumwachia binti mmoja atengeneze kadi nzima toka mwanzo mpaka mwisho. Mmoja alikuwa anakata picha. Mwingine anaweka karatasi ya chini. Mwingine anabandika danteli, mwingine anaongeza maua na picha. Kadi ilikuwa inapita mkono kwa mkono, na mwishoni inafika kwa Esther mwenyewe. Yeye ndiye aliyechora mifano, na yeye ndiye aliyekagua kila kadi mbele ya kutoka. Kwa njia hiyo kazi ilienda haraka, na kila mtu alizoea sehemu yake mpaka mkono unajua bila kuangalia. Viwanda vya magari vilikuja kujulikana kwa mpango wa namna hiyo zaidi ya miaka 60 baadaye.

Kadi zilipozidi, meza haikutosha. Esther alianza kutuma kazi kwa wanawake nyumbani kwao. Alikuwa anaandaa sanduku lenye kila kitu: karatasi, picha, danteli, na kadi moja ya mfano. Mama anabaki kwake na watoto wake, anabandika wakati ana nafasi. Kiisha ya juma moja, gari la farasi linapita kukusanya, na kadi zinarudi kwa Esther kukaguliwa. Kwa wamama ambao hawangeweza kuacha nyumba kwenda kiwandani, hizo zilikuwa pesa zisizopatikana kwingine.

Lakini kuna upande mwingine ambao haupaswi kufichwa. Wale wanawake hawakuweka jina lao juu ya kadi. Nyuma ya kadi kulikuwa muhuri mmoja tu, herufi ndogo H ya wino mwekundu, wakati mwingine pamoja na bei. Mikono ilikuwa mingi, lakini alama ilikuwa moja.

Ndani ya kadi kulikuwa nini?

Kadi za Howland zilikuwa na ufundi wake. Chini ya danteli nyeupe alikuwa anaweka karatasi ya rangi inayong'aa, nyekundu, buluu ama kijani, kusudi matundu yaonekane vizuri. Alikuwa anakunja vipande vya karatasi kama springi na kuvibandika kati ya tabaka moja na nyingine, hivi danteli inainuka na kadi inaonekana kuwa na kina. Maneno ya mapendo, ambayo wengine waliyaandika mbele, yeye aliyaweka ndani, yasomwe na yule tu aliyefungua.

Kadi rahisi ilikuwa inauzwa santimu 5. Zile za hariri na mapambo mengi zilifika dola kadhaa. Mtu wa kazi na mtu tajiri, kila mmoja alipata ya kipimo chake.

Posta nayo ilimsaidia. Mwaka 1845 sheria ilishusha bei ya kutuma barua Marekani: barua nyepesi ilisafiri mpaka karibu kilomita 480 kwa santimu 5. Mwaka 1847 tembre za kwanza za posta ya taifa zilitoka, na mwaka 1851 bei ilishuka tena mpaka santimu 3. Kama bei ya kutuma ingebaki juu, kadi nyingi zingebaki dukani. Tarehe 5 mwezi wa pili mwaka 1850, tangazo la kadi zake lilitoka kwenye gazeti la Worcester Spy. Kufikia miaka ya juu ya biashara yake, inasemekana alikuwa anauza kadi za karibu dola 100 000 kwa mwaka.

Wengine wanamuita mama wa Valentine ya Marekani. Jina hilo ni la heshima, lakini hakuwa wa kwanza kutengeneza kadi katika ile nchi. Hata kule Grafton, karibu na Worcester, familia ya Taft nayo ilikuwa inatengeneza. Alichofanya Esther ni kuitoa kadi kwenye mikono ya mtu mmoja mmoja na kuiingiza katika kazi yenye mpango, yenye kulisha watu wengi.

Goti lililoumia

Mwaka 1866 Esther aliumia goti vibaya. Hakupona upesi: kwa miaka alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Wengine wangefunga mlango. Yeye aliendelea kuongoza kazi akiwa amekaa. Kadi zilikuwa zinaletwa mbele yake, anachagua, anarudisha ile iliyobandikwa vibaya, anachora mfano mpya. Kiti kilizuia miguu tu. Macho na vidole viliendelea na kazi.

Baadaye biashara ilichukua jina la New England Valentine Company, na familia ya Taft iliingia ndani. Mwaka 1879 kampuni ilitoa kitabu kidogo cha kurasa 31 chenye mashairi mafupi 131. Sababu yake ilikuwa rahisi. Mteja anaweza kupenda kadi lakini asipende maneno yake. Basi alikuwa anachagua shairi lingine kwenye kitabu, linakatwa na kubandikwa juu ya lile la kwanza. Hivi kadi iliyotengenezwa na wengi iligeuka kuwa ya mtu mmoja.

Kuacha kila kitu juu ya papa

Papa yake, yule aliyeagiza karatasi za kwanza kutoka Uingereza, alizeeka na kuanguka mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Esther aliuza biashara yake kwa George Whitney, mwenye kampuni ya kadi palepale Worcester, kusudi apate nafasi ya kumtunza mzee. Alikuwa ameongoza kazi ile zaidi ya miaka 30. Papa alifariki mwaka 1882.

Whitney hakufuata njia ya Esther. Alinunua mashini za kutengeneza danteli mwenyewe, na kidogo kidogo kazi ya mkono ilipungua. Kwenye kadi zake, mahali pa H nyekundu palikaa W nyekundu. Kampuni yake ilidumu mpaka mwaka 1942, wakati vita kuu ya pili ilileta ukosefu wa karatasi, ikafungwa.

Esther hakurudi kwenye biashara. Alihamia Quincy, karibu na Boston, kuishi na ndugu yake. Hakuolewa na hakuacha mtoto. Yeye aliyesaidia maelfu ya watu kusema mapendo yao, alifariki bila bwana tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka 1904, akiwa na miaka 75.

Kilichobaki

Kadi za kubandikwa kwa mkono ni kitu chepesi. Kole inakauka na kuachia, danteli inapasuka, panya nao wanapita. Hata hivyo, nyingi za Howland zimehifadhiwa mpaka leo, zingine palepale Worcester, kwenye maktaba kubwa ya historia inayoitwa American Antiquarian Society. Na mwaka 2001 chama cha watengenezaji wa kadi cha Marekani kilianzisha zawadi yenye jina lake.

Anayetaka kuzitambua anaanza kwa kuzigeuza nyuma na kutafuta ile H ndogo nyekundu. Majina ya wamama waliokaa usiku na kole mezani hayako pale. Lakini kila danteli iliyonyooka na kila ua lililobandikwa mahali pake linaonyesha kazi ya mikono yao.