Sir Northrup McMillan na Nyumba ya Vitabu



Aliyepata kuswali katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, hakukosa kuliona jirani yake jumba lenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mlangoni. Jumba hilo ni maktaba, nalo lina jina la William Northrup McMillan. Twaona yafaa tumjue bwana huyu.

Alizaliwa mwaka 1872 mjini St. Louis, Marekani, katika ukoo wenye mali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika Kenya, akajipatia mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika, katika nchi ambayo serikali ya kikoloni iliigawa bila ya kuwauliza wenyewe. Akajenga nyumba yake Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda. Alikuwa mtu mnene mno, na mkarimu kwa wageni wake. Akapewa cheo cha Sir, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Alifariki Ufaransa mwaka 1925, na maiti yake ikaletwa kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika.

Mjane wake, Lady Lucie, alimjengea maktaba hii iwe ukumbusho, akisaidiwa na fedha za Carnegie, ikafunguliwa mwaka 1931. Lakini ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa miaka mingi Mwafrika, Mwarabu na Mhindi walitoka msikitini, na elimu i hatua chache mbele yao, wasiweze kuifikia. Hatimaye maktaba ilitiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji.

Milango ikafunguka, lakini matunzo yakapungua. Tangu mwaka 2017 jumuiya ya Book Bunk, iliyoanzishwa na wanawake wawili wa Kenya, imeshika kazi ya kuihuisha: matawi ya Kaloleni na Makadara yametengenezwa, na magazeti na picha za kale zinanakiliwa zisipotee.

Nasi watu wa pwani tuzingatie. Vitabu vile vilifungiwa watu kwa sababu ya rangi. Miswada ya wazee wetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, twaifungia sisi wenyewe masandukuni, mchwa wakaila, kisha twalalamika kwamba historia yetu huandikwa na wageni. Basi mwenye sanduku la babu yake na alifungue, amwite mwenye kujua kusoma, na nakala itolewe kabla karatasi haijawa vumbi.