Amy Johnson

Amy Johnson (Hull, Uingereza, 1 Julai 1903 – mdomo wa mto Thames, 5 Januari 1941) alikuwa rubani kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanamke wa kwanza kurusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, mwaka 1930.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Amy alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akaajiriwa kama mpiga chapa katika ofisi ya wakili mjini London. Alijifunza urubani katika uwanja wa Stag Lane. Mwaka 1929 alipata leseni ya rubani, na mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kupata leseni ya ufundi wa ndege. Bila leseni hiyo ya pili huenda asingefika mbali.

Safari ya Australia

Ndege yake ilikuwa Gipsy Moth iliyokwisha kutumika, iliyonunuliwa kwa pauni 600 kwa msaada wa baba yake na Lord Wakefield, tajiri wa mafuta. Aliiita Jason, jina la alama ya biashara ya samaki ya familia. Haikuwa na redio, na rubani alikaa wazi kwenye upepo na mvua. Kabla ya hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka London hadi Hull, chini ya kilomita 300.

Aliondoka Croydon, kusini mwa London, tarehe 5 Mei 1930. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 18,000 hivi, kupitia Vienna, Istanbul, Aleppo, Baghdad, Karachi, Kolkata, Yangon, Bangkok, Singapuri na Java. Katika jangwa la Iraki dhoruba ya mchanga ilimlazimisha kutua. Hata hivyo alifika Karachi kwa siku sita, akiwa mbele kwa siku mbili ya Bert Hinkler, ambaye mwaka 1928 alifika Australia kwa siku 15 na nusu.

Karibu na Yangon mambo yaliharibika. Katika mvua kubwa alitua kwenye kiwanja cha michezo huko Insein, ndege ikatumbukia mtaroni, na bawa na rafadha vikavunjika. Matengenezo yalimaliza siku alizokuwa amejipatia, na rekodi ikabaki kwa Hinkler. Alitua Darwin tarehe 24 Mei, baada ya siku 19 na nusu. Leo ndege ya abiria huruka kutoka Perth hadi London, kilomita 14,500 hivi, kwa muda wa saa 17 bila kutua.

Baadaye

Mwaka 1932 aliolewa na rubani Jim Mollison, na mwaka huohuo akavunja rekodi ya mumewe ya London hadi Cape Town. Walitalikiana mwaka 1938.

Kifo

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipeleka ndege za kijeshi vituoni. Tarehe 5 Januari 1941 alipaswa kutua karibu na Oxford, lakini katika hali mbaya ya hewa alipotea mbali na njia yake, akaruka kwa parashuti na kuangukia mdomo wa Thames. Walter Fletcher, nahodha wa meli ya HMS Haslemere, alijitosa katika maji ya baridi kali ili kumwokoa, naye akafa. Mwili wa Amy haukupatikana. Jason imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.