Kijuma wa Lamu: Mkono uliopamba anwani za tenzi

Mgeni afikaye Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya mji wa Kisumu, hupokewa na majina ya mitumbwi yaliyochorwa kwa brashi, kila herufi na mkunjo wake. Kwenye majalada ya vitabu ustadi huo umekuwa nadra, kwani kazi imeachiwa kompyuta. Mmoja wa mabingwa wake wakubwa nchini Kenya aliishi mbali na ziwa, katika kisiwa cha Lamu. Huyo ni Muhamadi bin Abubakari Kijuma.

Kijuma alizaliwa yapata mwaka 1855. Alikuwa malenga, mpiga kibangala na mchonga milango, lakini wasomi walimtafuta zaidi kwa ajili ya mwandiko wake. Alinakili tenzi za kale kwa hati za Kiarabu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina irabu tano, na sauti za "p" na "ch" hazina herufi zake humo. Nukta moja ikikosewa, neno hugeuka jingine. Anwani nayo aliipa heshima ya pekee, akiipamba kwa nakshi ambazo, kwa macho ya mwandishi huyu, ni ndugu wa zile za milangoni. Patasi na kalamu zilikuwa za mkono mmoja.

Mwaka 1913 aliandika utendi wa Fumo Liyongo, na nakala yake ikamfikia mtaalamu wa Uingereza, Alice Werner. Baadaye alimwandikia William Hichens hati nyingi, na mwaka 1936 Mjerumani Ernst Dammann akafika Lamu kufanya kazi naye. Urafiki huo ulimletea kipato, ila ukaribu wake na wamisionari ulizua maneno mjini, na suala la imani yake linajadiliwa na watafiti hadi leo.

Tenzi alizozihifadhi zilipochapishwa Ulaya, wengi walizisoma kwa herufi za Kirumi za mtambo, mkono wa mnakili usionekane. Kijuma alifariki mwaka 1945. Hati zake nyingi zimo katika hifadhi za London na Ujerumani, mwendo mrefu kutoka Lamu, sembuse Dunga.