Cyril Crossland, Mchunguzi wa Matumbawe

Je, umewahi kwenda pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana? Ukifika pwani ya kisiwa cha Pemba saa hiyo, utaona uwanda mpana wa mwamba ukiwa wazi. Watu huenda huko kutafuta pweza na chaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika huko mtu aliyetafuta jambo jingine. Alitaka kujua mwamba huo umetokeaje. Mtu huyo aliitwa Cyril Crossland.

Crossland alizaliwa Uingereza mwaka 1878. Alisomea elimu ya viumbe, na katika miaka ya 1901 na 1902, akiwa bado kijana, alifanya uchunguzi Unguja, Pemba na pwani ya bara. Zama zile vifaa vya kuzamia vya siku hizi havikuwapo. Aliyetaka kuyaona matumbawe kwa karibu ilimbidi angoje maji yapwe.

Crossland alikusanya viumbe wengi wa baharini. Minyoo ya baharini aliichunguza mwenyewe. Konokono wasio na kombe walichunguzwa na Charles Eliot, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki. Viumbe wengine walipelekwa kwa wataalamu wengine. Hivyo ndivyo sayansi inavyoendelea: mmoja hukusanya, mwingine huchunguza, na wote hufaidika.

Mwaka 1903 maandishi yake juu ya miamba ya Pemba yalichapishwa. Ili uyaelewe, kumbuka kwanza tumbawe ni nini. Tumbawe si jiwe tupu, wala si mmea. Limejengwa na wanyama wadogo sana waishio pamoja. Kila mmoja hujitengenezea kikombe kigumu cha chokaa. Wanyama hao wanapokufa, chokaa hubaki, na wengine hujenga juu yake.

Ungeweza kudhani kuwa uwanda wote wa mwamba umejengwa na matumbawe yaliyo hai leo. Crossland aliona vingine. Alieleza kuwa sehemu kubwa ya uwanda huo ni mwamba wa kale, uliotokana na matumbawe yaliyokufa zamani sana, nao mawimbi yameukata hata ukawa sawa. Matumbawe yaliyo hai ni kama ngozi nyembamba juu ya mfupa mkubwa.

Fikiri sasa. Mfupa huo hauzai samaki. Katika ngozi hiyo nyembamba ndimo samaki wengi wanamojificha, wanamokula na wanamokulia. Mvuvi akilipua baruti, au akikokota wavu juu ya matumbawe, huiharibu kwa muda mfupi, nayo huchukua miaka mingi kupona.

Baada ya kuondoka kwetu, Crossland hakuiacha bahari. Tangu mwaka 1905 hadi 1922 alisimamia ufugaji wa chaza wa lulu huko Sudani, katika Bahari ya Shamu. Baadaye aliongoza kituo cha uchunguzi wa bahari nchini Misri. Alifariki mwaka 1943 mjini Copenhagen, Denmark, alikokuwa akiendelea kuchunguza matumbawe.

Tangu siku zake tumejifunza zaidi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi, pamoja na ya kisiwa cha Misali karibu na Pemba, yalipauka na kufa. Mwaka huohuo Misali iliwekwa chini ya hifadhi, na mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa katika mkondo wa bahari ulio magharibi mwa Pemba.

Bahari haina ua. Mkondo wa maji huchukua mayai na watoto wa samaki kutoka pwani moja hadi nyingine. Kwa hiyo mwamba ukiharibiwa mahali pamoja, hasara yaweza kufika kwa jirani aliye mbali. Nawe utakapokwenda pwani, angalia wapi unakanyaga, wala usivunje tumbawe. Tazama, uliza, kisha andika uliyoyaona, kama alivyofanya Crossland.

Maswali
1. Kwa nini Crossland alingoja maji yapwe?
2. Eleza jinsi tumbawe linavyojengwa.
3. Kwa nini kuharibu matumbawe ya Pemba kwaweza kuwadhuru wavuvi wa pwani nyingine?