Kijana kiziwi aliyefumbua siri ya nyota ya zimwi

Usiku wa Novemba 12, 1782, mjini York, Uingereza, kijana wa miaka 18 aliitazama nyota Algol akashangaa. Nyota aliyoizoea iking'aa ilikuwa imefifia. Mwanzoni alishuku macho yake, kisha akashuku hewa.

Huyo ndiye John Goodricke, aliyezaliwa Septemba 17, 1764 mjini Groningen, Uholanzi, kwa baba Mwingereza na mama Mholanzi. Maradhi yalimfanya kiziwi tangu utotoni. Zama hizo viziwi wengi waliachwa bila kusoma, lakini familia yake ilikuwa na uwezo, ikampeleka kwa mwalimu Thomas Braidwood, Edinburgh, kisha Warrington.

Jina Algol latokana na Kiarabu, maana yake zimwi. Kwamba hubadilika, Mwitaliano Geminiano Montanari alikwisha kuona zaidi ya karne moja nyuma. Ratiba yake ndiyo haikujulikana. Goodricke, akichochewa na jirani yake Edward Pigott, akaanza kuivizia.

Hakuwa na chombo cha kupimia mwanga. Aliilinganisha Algol na nyota za karibu zisizobadilika, kama mwenye nafaka anavyopima kwa mawe ya mizani anayoyajua uzito. Kila usiku usio na mawingu aliandika saa na mng'ao. Mwaka 1783 hesabu ikakaa sawa: kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika zipatazo 49, nyota hushuka hadi kubaki na takriban theluthi moja ya mwanga wake, kisha hurudi. Kushuka na kupanda huchukua kama saa 10.

Kwa nini? Alitoa majibu mawili: ama kitu cheusi kinaizunguka na kuikinga, ama ina madoa usoni. Royal Society ya London ikamtunuku Medali ya Copley mwaka huohuo. Hata hivyo William Herschel, bingwa wa darubini, alipoitazama Algol aliona nyota moja tu, na wazo la kitu kinachokinga likakosa ushahidi.

Mwaka 1784 Goodricke aligundua mabadiliko ya Beta Lyrae na Delta Cephei. Hii ya pili ina uzito wa pekee, kwani nyota za aina yake, baada ya kazi ya Mmarekani Henrietta Leavitt mwaka 1912, zimekuwa kipimo cha umbali wa anga.

Aprili 1786 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Siku chache baadaye, Aprili 20, alifariki akiwa na miaka 21.

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Carl Vogel alichambua mwanga wa Algol, akakuta nyota hiyo inasogea mbele na nyuma, ikivutwa na mwenza asiyeonekana. Jibu la kwanza la Goodricke lilikuwa sahihi.

Anayelala mpakani mwezi Desemba akisubiri lango lifunguliwe anaweza kuiona Algol upande wa kaskazini, kuanzia saa tatu usiku, bila darubini.