Habari za Johannes Rebmann, Aliyekaa Rabai Miaka 29

Mnakumbuka habari ya Yoshua na wazee wa Israeli, jinsi walivyoitazama mikate iliyokauka na viriba vikuukuu vya Wagibeoni, wakafanya agano nao bila kumwuliza Bwana. Watu wale hawakuwa wabaya. Walitumia macho yao na akili zao, wakaona yatosha. Mwezi huu twataka kuwapa habari za mtu mmoja aliyepewa mashauri mengi maishani mwake, mengine ya adui, mengine ya marafiki, na mengi yalionekana kuwa ya akili. Jina lake ni Johannes Rebmann. Sharika zetu za Kilimanjaro humtaja kama mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuandika habari za theluji ya mlima ule. Walakini jambo hilo ni dogo katika maisha yake.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, nchi ya Württemberg katika Ujerumani. Watu wa nyumba yake walikuwa wakulima, na kanisa la nchi yao ni la Kilutheri. Katika vijiji vile walikuwako Wakristo waliozoea kukutanika nyumbani, wasome Biblia pamoja na kusali. Hivyo kijana Johannes alijifunza mapema kwamba Neno la Mungu si kitu cha siku ya Jumapili tu. Akaingia chuo cha misioni cha Basel katika Uswisi, kisha akaenda Uingereza, akawekewa mikono mwaka 1845. Akatumwa Afrika na chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza, kiitwacho C.M.S., maana siku zile chama kile kiliwapokea Walutheri wengi kutoka Basel.

Tarehe 10 Juni 1846 akafika Mombasa. Hapo alimkuta Dr. Ludwig Krapf, mtu wa nchi yake mwenyewe, akikaa peke yake. Mkewe Krapf, Rosine, na mtoto wao mchanga walikuwa wamekwisha kuzikwa ng'ambo ya kisiwa tangu Julai 1844. Kijana wa miaka 26 akifikia nyumba ya namna hiyo huhesabu kwanza makaburi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakahamia Rabai, kwa Wanyika, na siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Wakapanda kilima kwa shida kubwa, wakaanza kazi.

Basi hata mwaka 1848 Rebmann akataka kwenda Uchaga, aone kama njia ya Injili iko wazi kule. Hapo yakaja mashauri. Liwali wa Mombasa alimwonya asiukaribie mlima Kilimanjaro, kwa kuwa umejaa majini. Watu waliojaribu kuupanda waliuawa na majini hayo, mikono na miguu yao ikakauka, na baruti yao ikakataa kuwaka. Wengine walishangaa kwamba mtu ataka kupita nyika ya Taita bila askari. Rebmann alikwenda na wapagazi wachache, na kiongozi wa njia jina lake Bwana Kheri, na mkononi alichukua mwavuli.

Msidhani ya kuwa alidharau kila neno la watu. Katika mambo ya njia, maji, na kambi alimsikiliza Bwana Kheri, mtu aliyeijua nchi. Hata neno la liwali hakulitupa lote. Baadaye alipolifikiri, aliona kwamba miguu iliyokauka na baruti isiyowaka ni dalili za baridi kali, si za majini. Alilikubali lililokuwa kweli katika shauri, na hofu iliyofungwa pamoja nalo akaiacha. Nadhani hapo ndipo wengi wetu hukosea. Sisi hupokea shauri zima pamoja na hofu yake, au hulikataa zima kwa kiburi, tukijiita watu wa imani.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 akaona kilele cha mlima kimefunikwa na kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na jina la kitu kile ila kusema ni baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, aliyoizoea tangu utoto. Karibu na saa ile walipumzika, akaketi akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111. Hakuichagua apate ishara. Ndiyo zaburi aliyokuwa amefika katika kusoma kwake kwa kila siku. Lakini mstari wa sita, unaonena habari za Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake, ulimshika moyo. Waalimu wetu wangapi hufunua Biblia popote kwa kidole, kama mtu apigaye bao, wakitafuta jibu! Rebmann aliifuata zamu yake ya kusoma, na neno likamkuta njiani.

Akafika Kilema kwa Mangi Masaki, akapokewa vizuri, akarudi salama. Mwisho wa mwaka ule akaenda tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Safari ya tatu, katika Aprili 1849, alikusudia kupita Machame hata Unyamwezi. Safari hiyo ilimshinda. Mamkinga alimwomba vitu vyake kidogo kidogo, leo nguo, kesho ushanga, hata mzigo wote wa safari ukaisha. Rebmann akalia machozi. Watu walidhani analilia mali yake. Akawaeleza ya kuwa vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao, waliotaka Kitabu cha Mungu kifike kwa watu wa bara, naye sasa hana njia ya kuwafikishia. Alirudi katika mvua, mgonjwa, akafika Rabai mwezi wa Juni. Hakuona haya kurudi. Mlango ukifungwa, aliuona umefungwa.

Tena palikuwa na aibu nyingine, ya mbali. Habari za theluji zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa ramani huko London, W. D. Cooley, alikanusha, akasema haiwezekani kuwa na theluji chini ya jua la Afrika. Mtu huyu alikusanya habari za bara hili katika vitabu na kwa kuwauliza wasafiri, na watu wengi wakubwa walimsadiki yeye. Rebmann hakubadili neno, wala hakuacha kazi yake akimbilie Ulaya kujitetea. Mwaka 1862 Mjerumani mmoja, Baron von der Decken, akaupanda mlima mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikamwangukia yeye mwenyewe.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe, nalo halina safari ndani yake wala milima. Ni kukaa.

Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Wagner alifika Juni 1849, akafa siku ya kwanza ya Agosti. Pfefferle alifika mwaka 1851, akafa baada ya majuma machache. Krapf, rafiki yake mkubwa, akashindwa na afya yake, akaondoka mwaka 1853. Erhardt akaondoka mwaka 1855. Na kabla ya kuachana, Krapf na Rebmann walikuwa hawapatani katika shauri la kazi. Krapf alitaka vituo vingi, kama mnyororo, kutoka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi. Rebmann alisema heri kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha mpaka mizizi yake, na kuwafundisha wachache vizuri. Wote wawili walikuwa watu wa sala, wote wawili walimwuliza Mungu, na majibu yao hayakufanana. Jambo hili huwasumbua baadhi ya ndugu. Mimi sioni ajabu, kwa kuwa Paulo na Barnaba pia waliachana, na Injili ikaendelea kwa njia mbili.

Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walimtembelea Rebmann, wakiwa safarini kutafuta lile ziwa kubwa la bara. Ramani ya ziwa hilo ilitoka Rabai. Erhardt na Rebmann waliichora kwa habari za wafanya biashara, ikachapwa Ulaya, ikawashtua wataalamu. Palikuwa na shauri la Rebmann kufuatana na wasafiri hao. Mtu angesema ni nafasi njema, kuiona nchi aliyoitamani tangu 1849, na gharama zalipwa na wengine. Hakwenda. Safari yao ilikuwa ya namna nyingine, na yeye alikuwa na watu wake Rabai.

Mwaka ule ule Wamasai wakaipiga nchi ya Wanyika, na Rebmann akakimbilia Unguja pamoja na mkewe. Aliketi huko kama miaka miwili, kisha akarudi. Nasema haya ili mtu asimfanye kuwa shujaa wa hadithi asiyejua kuogopa. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakimbie mji mmoja waende mwingine. Lakini wapo waliokimbia, wakaona pwani ni pazuri, wakasahau kurudi.

Mkewe aliitwa Emma, mjane Mwingereza aliyemwoa Misri mwaka 1851. Walipata mtoto mmoja, akafa mchanga. Emma alifundisha na kufanya kazi pamoja naye miaka kumi na mitano, akafa mwaka 1866, akazikwa kule kule. Tangu siku hiyo Rebmann alikuwa mtu wa upweke.

Na matunda? Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Baadaye Abe Gunja, aliyeitwa Abrahamu. Wengine wachache wakafuata, lakini miaka mingi mtu angeweza kuwahesabu Wakristo wa Rabai kwa vidole. Hata Ulaya walikuwako waliouliza kama yafaa kuendelea kutumia fedha mahali pale. Marafiki walimwandikia apumzike, arudi kwao. Hawakuwa wanenaji wa uongo. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Kama ungeketi na kalamu, ukaandika upande huu makaburi na gharama, na upande huu waliobatizwa, wewe pia ungemwambia aondoke.

Yeye aliendelea kuandika maneno. Alitunga kamusi ya Kinyika, na kamusi ya Kinyasa, ambayo maneno yake aliyapata kwa mtumwa mmoja jina lake Salimini, aliyetekwa bara akaletwa pwani. Akaifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kazi hiyo haikusifiwa na mtu. Nayo iliyaharibu macho yake, hata Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 katika shughuli za kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta karibu kipofu, mzee kabla ya wakati wake. Wenzake waliokuja miaka ile ya mwisho waliona vigumu kufanya kazi pamoja naye, na sina budi kuamini kwamba lawama nyingine ilikuwa ya haki. Mtu akisimama peke yake muda mrefu, huzoea kutosikiliza. Kumngoja Mungu na kushikilia nia yako mwenyewe hufanana sana kwa nje, na yeye mwenyewe mtu hawezi kupambanua upesi, hata akisali.

Kwa sababu hiyo kuondoka kwake kwanipendeza kama kukaa kwake. Mwaka 1875 wamisionari wapya walikuwa wamekwisha kufika, na watumwa waliowekwa huru walikuwa wakikusanywa karibu na Mombasa. Kazi ikapata mikono mingine. Ndipo yule aliyekataa kuondoka miaka 29, asiyekanyaga kwao hata mara moja tangu alipoitoka, akakubali kuongozwa melini. Aliyemshika mkono alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo Mnyika, aliyesafiri naye mpaka Ulaya.

Akakaa Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa. Krapf naye alikuwa akikaa Korntal, na wazee wale wawili waliobishana habari ya mnyororo na kituo kimoja wakawa majirani tena. Mwaka 1876 Injili yake ya Luka ikachapwa. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafa kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 56. Kamusi yake ya Kinyasa ilikuwa bado haijachapwa. Krapf akaishughulikia, ikatoka mwaka 1877.

Miaka 16 ikapita. Katika mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro, wakaanza kazi yao Machame, katika nchi ile ile ambayo Rebmann alitoka mikono mitupu, akilia.