Mekatilili: Mathe Aliyehepa Jela ya Mkoloni na Kurudi Pwani kwa Mguu

Msee, ukifika Bungale huku Adu, kuna kaburi la mathe aliyewanyima Waingereza usingizi: Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya matanga, akikusanya watu. Rada ilikuwa moja tu: hakuna kumpa mzungu kodi wala vijana wa kumfanyia kazi.

Wakamshika, wakamtupa Kisii. Januari 1914 akahepa, akapiga mguu hadi nyumbani! Agosti, vita vya kwanza vya dunia vikianza, mkoloni akalipua Kaya Fungo kwa baruti, akamshika tena. Alirudi 1919, akafa 1924.

Vijana aliowakatalia wasipelekwe walikuwa rika lako. Tamasha lake Malindi ni kila Agosti. Usikose.